Oili ya Mzee wa Ngulyati

Juzi asubuhi taa nyekundu yenye picha ya birika iliwaka kwenye gari langu, nikaenda gereji moja hapa Bariadi. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Ncha ilikuwa nyeusi tii.

“Umebadilisha lini mara ya mwisho?”

“Huwa naongeza,” nikajibu kwa kujiamini.

“Kuongeza siyo kubadilisha, bosi. Ukimimina maji safi kwenye beseni la kuoshea vyombo, utayanywa? Injini ulikuwa unaiua.”

Kisha akanionyesha pikapu kuukuu ya mzee mmoja, mfugaji wa Ngulyati. “Yule hajawahi kuchelewa hata mara moja.”

Nikamwendea kwa adabu zote, nikamsalimu kwa Kisukuma. “Mwangaluka, mzee. Nani alikufundisha kubadilisha oili kwa wakati?”

“Mchwa,” akasema bila kucheka. Akanyoosha kidole kwenye dumu lake, lililokuwa limekingwa chini ya injini likipokea oili chafu. “Wanakula nguzo za zizi langu. Nikizipaka hii, hawasogei karibu. Ikiisha, nakuja kuchukua nyingine.”

“Na injini je?”

Akaitazama kidogo. “Hiyo nayo haijalalamika.”

Mimi nimesoma hadi chuo kikuu, na kitabu cha maelekezo cha gari langu bado kimo ndani ya nailoni yake. Siku zote nilidhani wanaoua injini ni wale wasiosoma. Kumbe nilichokosa ni mchwa.