Ukurasa wa Barafu

Hylke Wiarda alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado sisi wa kijijini Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, tulimwita mtoto wa Baukje. Hakujali. Hakuoa, hakuhama, na kila adhuhuri alivuka barabara akala kwa mama yake, kisha akarudi chumbani kutengeneza tovuti za watu: ya mwuza nyama, ya kanisa, ya fundi wa mashua. Lakini iliyomkaa moyoni ni ya chama chetu cha kuteleza barafuni. Hiyo aliifanya bure, na aliihangaikia utadhani kaajiriwa na mfalme.

Maana huku kwetu mifereji ikiganda, watu hurukwa na akili kwa hamu ya kuteleza juu yake. Ofisi zinabaki tupu, mwalimu anafunga darasa, na mkoa mzima unafungua ukurasa ule ule kuuliza jambo moja: njia iko wazi au imefungwa? Mwenye kauli ni Feike, msimamizi wa barafu, mzee asiye na maneno mengi, anayezunguka alfajiri na kekee yake akitoboa na kupima. Akishapima anaingia kwenye mfumo wa tovuti, anachagua "wazi" au "imefungwa", anabonyeza "hifadhi". Kisha anaishusha au kuitundika darajani bendera nyekundu ya kufunga njia. Basi, kazi imekwisha.

Mwaka uliotangulia tovuti ilizidiwa na watu ikazimika asubuhi ya kwanza tu. Hylke aliona haya hata akawa anakwepa duka la mikate. Akaapa haitatokea tena, na hapo ndipo ujuzi ulipompanda kichwani. Mfumo wa tovuti una violezo, yaani michoro ya kurasa inayongoja kujazwa maneno, na una njia zake ndogondogo za kuvijaza. Hylke alizidharau. Chini ya mfumo huo kuna kiunzi kikubwa cha PHP, lugha ya kompyuta, kinachoubeba, na yeye akakifungulia mlango, akaingiza nguvu zake ndani ya violezo. Mojawapo ilikuwa amri ya kukumbuka: mtu wa kwanza akiuliza habari za barafu, jibu linatolewa kwenye ghala la data, wanaomfuata, hata wakiwa maelfu, wanapewa jibu lile lile, ghala lisiguswe. Akaiambia ikumbuke daima. Aliamini kwamba Feike akibonyeza "hifadhi", kumbukumbu zote zitafutika. Aliamini tu. Hakujaribu.

Januari mifereji ikaganda, Feike akaandika "wazi", Hylke akaweka hewani violezo vyake vipya, na tovuti haikuyumba hata kidogo. Hylke alitembea kifua mbele. Baukje naye kila alipoalikwa kahawa alimtaja mwanawe mpaka wenzake wakachoka.

Kisha upepo ukageuka, ukaja na mvua ya vuguvugu. Asubuhi Feike alipima, akakunja uso, akaifunga njia. Hylke alitazama kompyuta yake, akaona "imefungwa" kwa rangi nyekundu, akaridhika. Adhuhuri ilipofika akavuka barabara kama kawaida yake.

Mama hakuwepo. Supu ya njegere ilikuwa jikoni, imefunikwa, na viatu vyake vya kuteleza havikuwa kwenye msumari. Hylke alidhani amevipeleka kunolewa. Alipotoka nje akamkuta Wietske, jirani, anafagia mlangoni, naye akamwambia Baukje ameshatoka zamani, ameelekea mferejini.

"Kufanya nini? Njia imefungwa."

"Imefungwa na nani, wewe? Hebu tazama mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Kwa rangi ya kijani, safi kabisa, paliandikwa "wazi".

Hylke akatoa simu yake. Wazi. Alielewa papo hapo. "Hifadhi" ya Feike inafuta kumbukumbu za mfumo. Ile aliyoipachika yeye ndani ya kiolezo ni ya kiunzi, na mfumo haujui hata kama ipo. Na kompyuta yake? Humo huingia kama mhariri, na mhariri hupewa ukurasa mpya kila mara; kwenye simu alikuwa msomaji tu. Jamani, wahariri walikuwa wawili tu, yeye na Feike! Hao ndio walioona ukweli, na mkoa mzima ukaona uongo.

Miguu ilitaka kukimbilia mferejini. Lakini kila dakika kulikuwa na mtu mwingine anayesoma "wazi" na kufunga kamba za viatu. Akarudi ndani, akaandika amri ya kufuta, akaona "imefungwa" kwenye simu. Ndipo akakimbia bila koti, huku akilia.

Darajani watu walikuwa wamekusanyika. Feike alikuwa amelala kifudifudi juu ya ngazi iliyolazwa barafuni, wanaume wawili wamemshika miguu, na mikononi mwake alikuwa amemkamata Baukje, aliyetumbukia majini barafu ilipopasuka, kwa ukosi wa koti. Wakawavuta wote wawili mpaka ukingoni. Baukje alikuwa hai, midomo ya buluu, meno yanagongana. Wakamfunika mablanketi, Hylke akapiga magoti akamshika mkono.

Feike alikuwa anatetemeka kwa hasira na baridi. Akaonyesha juu, darajani.

"Bendera nyekundu ile pale. Nimeitundika kwa mkono wangu. Umepita chini yake, Baukje. Hukuiona?"

"Niliiona."

"Sasa?"

"Nikajua umesahau kuishusha. Kwa Hylke paliandikwa wazi, na mwanangu hakosei." Akavuta pumzi kwa shida. "Siku nyingine shusha bendera yako mapema, Feike. Ukiizoesha kudanganya, utaua watu."

Feike alimgeukia Hylke, na watu wote wakamgeukia.

"Bendera ilikuwa sawa, Mama," alisema Hylke. "Mwenye kosa ni mimi."

Baukje alimtazama, akatazama bendera, akamtazama tena. Hakuuachia mkono wake mpaka gari la wagonjwa lilipofika.