Kulazwa kwa Maneno

Mikono yangu ilianza kutetemeka mwaka wa kumi na moja wa ukunga wangu. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, nikivaa glavu. Kidole cha shahada kinaingia mahali pa gumba, navua, navaa tena, na mzazi aliyelala kitandani ananitizama. Nilijiambia ni njaa. Nikawa sitoki nyumbani mpaka nile, na mikono ikatetemeka nimeshiba.

Sikuwa na msiba wa kuueleza. Ulikuwa ni wingi tu. Tulikuwa wakunga watatu kwa zamu, wodi imejaa, na kila anayeita ana haki ya kuitikiwa. Nikimwendea huyu, yule ananiona mbaya. Nilikuwa nikirudi nyumbani, mwanangu wa miaka sita akiniita kutoka chooni, namjibu kwa sauti ya wodini: "Nakuja, mama, usisukume kwanza!" Yeye alicheka sana. Mimi nilikwenda kukaa jikoni peke yangu.

Siku moja tulimpeleka mzazi chumba cha upasuaji, na kazi yangu ilikuwa kumpokea mtoto. Daktari akamtoa, akanikabidhi, nikampokea salama, akalia vizuri. Lakini nilipotaka kukibana kitovu, kibanio kikanidondoka. Nikachukua cha pili, nacho kikadondoka. Muuguzi mwenzangu akachukua cha tatu, akabana yeye. Nilipoinua macho nikakuta mtu mmoja ameniona: mama wa nusukaputi, mtoa dawa ya usingizi, ambaye siku zote hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Alikuwa amebakisha miaka miwili kustaafu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ambayo hata akikugombeza unataka aendelee.

Alinisubiri nje, karibu na masinki.

"Mkono huo una siku ngapi?"

"Mkono gani, mama?"

"Usinifanye mtoto, mwanangu."

"Miezi minne," nikasema, na kabla sijamaliza machozi yakanitoka.

Hakunibembeleza. Aliniambia niende kwanza nikapimwe damu, sukari na tezi, maana mkono hutetemeka kwa mambo mengi. "Ukikutwa huna kitu, njoo kwangu. Nitakulaza."

"Kwa dawa?"

"Kwa maneno."

Nilijua alikuwa amekwenda kusoma Bara na kurudi na cheti cha kitu kinachoitwa hipnosia, tiba ya kumwongoza mtu kwa maneno mpaka mwili utulie na akili ikae pahala pamoja. Akiitumia kwa wagonjwa wenye hofu kubwa ya kisu, ili dawa iwakute wametulia. Sikujua kama inawafaa na wafanyakazi.

Vipimo vilitoka safi. Jioni nikamweleza mama yangu, ambaye anaishi nami Mtoni.

"Akulaze vipi?" akauliza. "Akupandishe?"

"Hapana, mama, si mashetani."

"Anafukiza ubani?"

"Hafukizi."

"Anasoma nini?"

"Hasomi kitu. Anazungumza tu."

Mama aliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchagua. "Mtu azungumze tu, nawe ulale? Basi nitakuja kumtizama akizungumza."

Nilidhani ni maskhara. Siku yenyewe alikuwa ameshavaa buibui kabla yangu.

Chumba kilikuwa kidogo, kile wanachotumia kuzungumza na wagonjwa kabla ya upasuaji, chenye kitanda kimoja na feni yenye kelele. Mama wa nusukaputi alipomwona mama yangu mlangoni hakushangaa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kumlinda mwanangu."

"Umefanya vyema. Kaa hapo umwone."

Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi, miguu ameibana pamoja kama yuko mahakamani. Nami nikalala.

"Utasikia kila kitu," sauti ile ikaniambia. "Feni utaisikia, mama yako utamsikia. Ukitaka kuinuka, inuka. Akili yako ni yako, miye nakuonyesha njia tu." Akanitaka nitizame alama moja darini mpaka macho yachoke yenyewe. Akahesabu kutoka kumi kurudi nyuma, polepole, kila hesabu akiitaja sehemu ya mwili: paji la uso, taya, mabega. Sikuwa nimejua kuwa nilikuwa nimeyashikilia mabega yangu juu miezi yote ile. Yaliposhuka, niliyahisi yakishuka.

"Sasa nenda mahali mwili wako ulipowahi kupumzika. Usipachague. Pakujie."

Nilingojea pwani. Nilingojea nyumba ya bibi. Hazikuja. Kilichokuja ni udongo uliorowa. Nilikuwa na miaka minne au mitano, nimekaa juu ya gunia kwenye kitalu cha miche ya mikarafuu Kizimbani, ambako mama alikuwa kibarua. Viriba, vile vifuko vya kuotesha miche, vimepangwa safu kwa safu, na kivuli cha makuti kimekatakata jua vipande vidogo vidogo juu ya miguu yangu. Mama anajaza udongo, anapiga kiriba chini mara mbili ushuke, anajaza tena. Mtu anamwagilia maji upande wa pili, nayo yanaanguka juu ya majani. Ghafla mama ananiinamia, anacheka, ananiambia tucheze kujificha, na mimi najibana nyuma ya viriba, nimetulia kabisa, nina furaha isiyo na sababu.

"Gusanisha gumba na shahada," sauti ikasema. "Kila ukivigusanisha hivyo, mwili ukumbuke hapo ulipo."

Aliponirudisha, dakika ishirini na kitu zilikuwa zimepita. Mama wa nusukaputi akaniuliza, ikiwa sioni tabu kusema, nilikuwa wapi.

"Kizimbani," nikasema. "Kwenye kitalu. Mama akijaza viriba."

Mama yangu aliacha kuhesabu tasbihi. Alimuaga yule mama kwa heshima, tukatoka.

Tulitembea mpaka ndani ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chenye kivuli, akasema miguu imemchoka. Tukakaa kwenye baraza la nyumba moja iliyofungwa.

"Unajua mwaka ule nilikuwaje?" akaniuliza.

"Hapana."

"Baba yako alikuwa kashanipa talaka. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, na pale watoto walikuwa hawatakiwi. Msimamizi alikuwa akija kukagua, nikikuficha. Nikikwambia ni mchezo. Moyo ukinidunda hata nikidhani atausikia."

Nilimtizama. Uso wake ulikuwa umeelekea ukuta wa pili.

"Mimi nakukumbuka ukicheka," nikasema.

"Nikicheka usije ukalia."

Niliona haya, kana kwamba nimekwenda kulala juu ya mgongo wake wakati amebeba mzigo. Nikamwambia nitamwomba mama wa nusukaputi anitafutie mahali pengine.

"Thubutu!" Akageuka. "Ukae pale pale. Ile raha mimi nilikuwa naiigiza tu, kumbe wewe ilikufika kweli. Nami sikujua miaka yote hii." Akanishika mkono, ule wa kulia, akaupindua, akakitizama kiganja kama aliyekuwa akitafuta mwiba. "Kaa pale mwanangu. Hakuna anayekuja."

Nilikwenda mara sita. Kila siku baada ya Alasiri nilijifungia chumbani dakika kumi, nikajifunza kurudi kitaluni bila ya kuongozwa. Wodini, kabla ya kumsogelea mzazi, nilikuwa nikigusanisha vidole ndani ya glavu, navuta pumzi moja ndefu, naitoa. Hakuna aliyeona. Mtetemo haukuondoka kwa mara moja. Ulikuwa kama mgeni aliyeaga na bado yumo ukumbini anatafuta viatu. Ziko siku ulirudi nikamwachia mwenzangu kazi ya kushona. Lakini vibanio havikudondoka tena, na yule mwanangu akiniita nikawa namjibu majibu ya nyumbani.

Siku ya mwisho mama wa nusukaputi alinieleza jambo ambalo nilihitaji kulisikia kutoka kwake. "Nimekutuliza wewe," akasema, "lakini maneno yangu hayaongezi mkunga. Usije ukatulia hata ukaona sawa watatu kufanya kazi ya sita." Tukaenda kwa mkuu wa wodi wakunga sote watatu, na mama wa nusukaputi akatusindikiza ingawa haikuwa idara yake. Nilizungumza mimi. Vidole nilivigusanisha chini ya meza, na sauti haikutetemeka. Ilichukua miezi, tukapata mkunga wa nne, zamu ya asubuhi tu. Za jioni bado tunazidai.

Nyumbani mama hakuitaja tena hipnosia. Nilidhani limekwisha. Kisha asubuhi moja, anamenya viazi, akauliza bila kuniangalia:

"Yule bibi, ana nafasi lini?"

"Ya nini, mama?"

"Aa, basi. Nimeuliza tu."

Nilimpeleka Jumatano. Safari hii kiti cha plastiki kilikuwa changu. Mama alilala na mtandio wake umemfunika vizuri, mikono juu ya kifua, na mwanzo alikuwa akimjibu yule mama kila sentensi, "Naam, naam," kama yuko darasani. Hesabu ilipofika sita akaacha kujibu. Ilipofika tatu niliona taya lake likilegea, na mikunjo ya kando ya mdomo, ambayo nilidhani amezaliwa nayo, ikafunguka. Nilimwona mwanamke ambaye sijapata kumwona, mdogo kuliko mimi.

Alipoamka alikaa kitako akajitengeneza nguo.

"Ulikuwa wapi, bi mkubwa?" mama wa nusukaputi akamuuliza. "Kama huoni tabu kusema."

"Naona tabu," mama akasema, na akacheka, kicheko cha chinichini ambacho hakikuwa cha kumfichia mtu kitu. Akaomba maji, akayanywa yote, kisha akauliza kama Jumatano ya pili itakuwa saa ile ile.