Mahindi ya Bwera Madhabahuni

Mwaka jana nilibeba mahindi ya watu wengine hadi madhabahuni, nikamshukuru Mungu kwa mavuno. Ulikuwa uongo, na nilijua hata siku ile kwamba ni uongo.

Huku bondeni Kisinga mvua tunaiona kwa macho tu. Inanyesha kule juu mlimani, tunaitazama, halafu sisi linatuwakia jua. Mahindi yetu yalikuwa yamenipita kimo, yametoa mbelewele, na huo ndio wakati hindi linapotaka maji kuliko wakati mwingine wowote. Wiki tatu hatukupata hata tone. Majani yalijikunja, na tulipovuna, gunzi zima lilikuwa na punje za kuhesabu kwa vidole.

Jumapili ya shukrani ikakaribia. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenye shamba na ndiye mkubwa wa akina mama kanisani, aliyatazama yale magunzi, kisha akanigeukia mimi. "Wewe muke ya afande, panda boda uende Bwera. Leta mahindi kubwa. Mimi siwezi peleka aibu mbele ya Mungu."

Mume wangu ni askari na yuko mbali kikazi. Mimi mwenyewe nimezaliwa kambini, na huko amri haijadiliwi. Nikaenda. Sokoni Bwera nikakuta nusu ya wanawake wa kanisa letu wakichagua mahindi na ndizi za mlimani. Tulisalimiana haraka, kila mmoja akaendelea na shughuli yake.

Madhabahu ilijaa mpaka mchungaji akakosa pa kuweka Biblia. Chifu wetu wa parokia, mtu wa serikali, alikaa benchi la mbele. Ndiye anayeandika orodha ya watu walioharibikiwa na mazao, ili wapewe mbegu za mtama na vijiti vya mihogo, mazao ambayo jua likikaza hutulia tu yakingoja mvua. Baada ya ibada alitupongeza. "Nyinyi iko sawa. Chakula imejaa." Akafunga daftari, mbegu zikaenda kwingine. Siwezi kumlaumu, maana angeandika nini?

Tukapanda mahindi tena. Nilimwomba mama mkwe tutafute mtama, hata wa mistari miwili. Akasema mtama ni wa ndege na walevi, na nyumba isiyo na posho, yaani ugali wa mahindi, si nyumba. Jua likayachoma palepale, kwenye mbelewele. Safari hii tulikula hata mbegu tuliyokuwa tumeitunza juu ya jiko. Watu waliponiambia ni mapenzi ya Mungu, niliwauliza kama Mungu ndiye aliyenituma Bwera. Hawakupenda swali hilo.

Jumapili ya shukrani ilipokaribia mwaka huu, mama akanituma tena. Nikasema siendi.

"Tusipoandikwa sasa, mama, msimu ujao hatuna cha kutia ardhini."

"Unataka kuniua na aibu."

"Basi tufe na aibu, lakini tuwe tumeshiba."

Jumapili ikafika. Asubuhi hiyo niling'oa mabua matano na mizizi yake, mahindi yakiwa yamening'inia, madogo kama kidole gumba. Niliyabeba hadi mbele, udongo ukidondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki jana yake, nikayalaza katikati ya ndizi zilizonunuliwa. Kichwa sikukiinamisha. Nilikuwa na hasira, na haikuwa hasira ya jua. Ilikuwa hasira juu yetu sisi wenyewe, tuliokubali kulala njaa ili tuonekane tumevuna.

Ibada ilipokwisha, chifu aliyasogelea yale mabua. "Hii ni ya nani?"

"Ni ya kwangu, chifu. Niandike."

Akaandika. Akauliza kama kuna mwingine, na wanawake wote wakaanza kutazama viatu vyao. Hapo nikamwona mama mkwe anakuja, amevaa sare yake ya akina mama, anapenya kwa viwiko. Nilijua anakuja kunikana. Akafika, akaweka kidole juu ya daftari.

"Kata hiyo. Shamba iko yangu. Huyu amekuja juzi tu. Andika jina yangu kwanza."

Kisha akawageukia wenzake. "Ile mahindi yangu ya mwaka jana ilitoka Bwera. Na nyinyi, hii ndizi mulitoa wapi?"

Mmoja wao akaja kusimama nyuma yake, kisha mwingine. Chifu alilikata jina langu, akaandika la mama, la kwangu akaliweka chini yake, kisha ikabidi afungue ukurasa mwingine, kwa sababu foleni ilikuwa imeshafika mlangoni.