Zinazoishia na Tatu na Tisa

Jamani, kuna watu waliumbwa wang'ang'anizi! Sikuzani, muuza vitenge wa sokoni Mpanda, ni mmojawapo. Wateja wakipungua wenzake husinzia au humsema mtu. Yeye huchukua kalamu, akageuza kalenda ya zamani, akaanza kugawanya.

Namba ni ileile tangu kidato cha pili: 2,147,483,647. Mwalimu Aloyce aliiandika ubaoni. Chukua mbili, alisema, irudufu mara thelathini, toa moja. Nani ataniletea kigawo chake? Darasa likacheka, likaenda kucheza mpira. Walioing'ang'ania ni wawili tu, Sikuzani na Emelyne, binti wa Kirundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, aliyepangishiwa chumba mjini ili asome.

Wakagawana kazi. Mbili na tano zilitupwa mapema, maana namba yenyewe inaishia na saba. Wangejaribu namba tasa tu, kwani tatu ikishindwa, tisa haina ubavu. Tena wakifika elfu arobaini na sita na ushee wangeacha: kigawo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo wangekuwa wameshamkamata. Tasa zinazoishia na moja na saba zikawa za Sikuzani. Za tatu na tisa, za Emelyne. Kila jioni walikaa barazani kwa kina Sikuzani. Saba ikaacha moja, kumi na tatu ikaacha kumi, nao wakacheka wee!

Kisha baba yake Emelyne akaamua familia irudi Burundi. "Malizia zako, nami nimalizie zangu," Emelyne alisema kabla ya kupanda lori. Simu hakuwa nayo.

Uwesu, mume wa Sikuzani, humtania mpaka leo. "Si uiulize simu, mke wangu? Itakujibu sasa hivi."

"Ishindwe!" Hakutaka jibu la simu. Alimtaka Emelyne. Kila alipogawanya alimwona huko aliko, naye kainamia za tatu na tisa, na roho ikatulia kidogo. Alimkumbuka mno, jamani, asikudanganye mtu. Mwaka huu tasa zake zikaisha, zote zimekataa. Zilizobaki zilikuwa za mwenzake.

Milima haikutani. Arcade, kaka yake Emelyne, alikuja Katumba kumsalimia mjomba, akapita sokoni kutafuta kitenge, wakatambuana. Akampa namba ya dada yake. Sikuzani akapiga palepale.

Walilia kwanza. Wakaulizana wazazi, wakaulizana watoto. Mwishowe Sikuzani akashindwa kuvumilia.

"Zangu nimemaliza, Emelyne. Zako je?"

"Siku, usinichukie. Wiki ileile ya kwanza nilimuuliza mwalimu. Akaniambia hiyo ni tasa, haigawanyiki, ilishathibitishwa zamani sana."

"Kumbe ulijua! Na kila jioni unakuja kwetu na kalamu yako?"

"Ningekwambia, ningekuja kwenu kufanya nini? Nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba. Nilitaka isiishe."

Sikuzani alifungua mdomo amtukane, tusi likagoma kutoka. Miaka yote hiyo alidhani ni yeye tu aliyekuwa akitafuta sababu ya kuwa na mwenzake.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakidondokea vitenge. "Ungekuja tu, hata bila namba."