Ng'ombe wa Magunia Aliyetazama Nyuma

Wasomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika kule Kiplombe mwalimu mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua, na ambaye mimi nilimjua kwa sababu ya magunia. Enzi hizo nilikuwa karani katika ghala la ngano hapa Eldoret, naye alikuwa akija kwa baiskeli kuniomba magunia yaliyotoboka. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, asiyeona haya hata kidogo kuomba. "Karani, hiyo imekulwa na panya usichome," aliniambia siku ya kwanza. "Panya ameshiba, sasa ni zamu yangu." Nilicheka nikampa. Nilipomuuliza ya nini, akasema wanafunzi wake wanataka kuchora. Nilidhani ananitania, maana shule yenyewe ilikuwa kibanda cha udongo katika shamba la mzungu, na hata chaki ilikuwa haba.

Kumbe hakuwa akitania. Watoto wale walikuwa wa vibarua: Wanandi, wenyeji wa nyanda hizi, na Waluhya ambao wazazi wao walihamia huku kutafuta kazi. Darasani kila upande ulikaa peke yake, kama wazazi wao kambini. Mwalimu akawapa kazi ya kuchora ng'ombe mmoja mkubwa, lakini hakuna kundi lililopewa ng'ombe mzima. Hawa walipewa kichwa na pembe, wale tumbo na kiwele, wengine miguu na mkia. Rangi zilikuwa makaa, majivu, udongo mwekundu na maji ya magome ya miti ya miwati yaliyochemshwa; brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha. Kila kundi lilichora mahali pake bila kuchungulia gunia la wenzao, halafu magunia yangeshonwa pamoja siku ya kufunga shule.

Wazazi hawakufurahi. Watoto walirudi nyumbani mikono myekundu mpaka viwiko, na maneno yakaanza. "Sisi tulileta watoto wasome wapate kazi ya ofisi, si kuchezea matope," walimwambia. Wakaapa kwamba siku ya kufunga watakuja kujionea, na wakikuta matope tu, watoto watarudi kuchunga na kupalilia mahindi. Shule bila watoto ingefungwa, na mwalimu angefunga mizigo yake arudi kwao. Akaniomba nije nione magunia yangu. Nilikwenda kwa kumhurumia, na sikatai, kwa umbeya kidogo pia.

Picha ilikuwa imeshonwa na kutundikwa ukutani. Mwalimu alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa kimoja: hakuwaambia watoto ng'ombe anaelekea wapi. Pembe zilikuwa ndefu, za ng'ombe wa Kinandi, kiwele kilikuwa kinene cha ng'ombe wa mzungu, na kichwa kilikuwa kimegeukia mkia. Wazazi wakatazamana. Mwalimu alijifuta jasho. Ndipo mzee mmoja Mnandi akauliza, "Mwalimu, hii ng'ombe inaangalia nyuma kwa nini?"

Kabla hajajibu, mama mmoja Mluhya aliyekuwa akikamua ng'ombe wa mzungu alidakia. "Mzee, huoni hiyo maziwa imejaa? Inatafuta mtoto yake! Hiyo mimi nakamua kila asubuhi, na msichana yangu amechora sawasawa."

Mzee akasogea, akazigusa pembe. "Hata pembe ni sawa. Hii ni ya kwetu."

"Pembe ni ya kwenu, maziwa ni ya kwetu," mama akasema, na watu wakaangua kicheko. Wakabishana kwa furaha mpaka chai ikapoa, wenyeji na wageni wamechanganyika mbele ya picha moja. Mwishowe mtu akauliza, basi ndama yuko wapi? Mwalimu alikuwa ameshapata nguvu. "Ndama ni kazi ya mwaka ujao," akasema. "Kama mtaniletea watoto."

Waliwaleta. Na kila mwaka, wazazi walipomuuliza kuhusu ndama, jibu lilikuwa lile lile. Mwalimu alikufa ndama hajachorwa.

Mjini hapa tunapenda kusema kwenye mikutano kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kisha kila mmoja anarudi kukaa na watu wa kwao. Hatuanzi kazi na jirani mpaka tuhakikishiwe kichwa kitaelekea wapi. Mazishini nilimwona msichana aliyechora kiwele. Sasa ni mwalimu kule Chepsaita. Alinishika mkono akaniomba magunia. "Mzee, darasa langu watachora ile ndama."

Nikamuuliza, "Safari hii utawaambia inaangalia wapi?"

"Hapana," akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Wataelewana wenyewe."

Nimempelekea magunia mazima, yasiyoguswa na panya. Nawe msomaji, ukiwa na kazi ya kufanya na jirani yako, anza na kipande chako. Kichwa kikigeuka nyuma, mtakaa pamoja mtafute anachokitafuta ng'ombe.