Siku Tuliyoshindania Litricha

Watu wengine wakisikia harufu ya dawa ya pamba wanakumbuka shamba la baba yao. Mimi nakumbuka Kiingereza. Ile harufu kali inayokwaruza koo, inayoganda kwenye kola ya shati hata ukifua na kuanika kutwa nzima, ikinikuta tu barabarani kati ya Maswa na Bariadi, kuna jina linanijia mdomoni kabla sijafunga dirisha la gari. Zena! Ngojeni niwaeleze, maana hata marehemu mume wangu nilimpa habari hii nusunusu.

Nilikuwa kidato cha pili katika sekondari moja nje kidogo ya Nyalikungu, enzi zile za vijiji vya Ujamaa, sehemu zetu zote zikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kwetu ni Nkololo. Nyumbani tulisema Kisukuma, Kiswahili tukakikuta shule ya msingi, na Kiingereza nikakipenda kwa namna ambayo mama yangu aliiona kama ugonjwa. Shule ilikuwa ya mchepuo wa kilimo, maana yake jembe utashika upende usipende. Lakini kuanzia kidato cha tatu palikuwa na masomo ya kuchagua. Saa ambazo wengine wanaongezewa kilimo, kikundi kidogo kilibaki darasani kusoma fasihi ya Kiingereza, somo ambalo sisi tuliliita Litricha. Vitabu vilikuwa haba, watoto wawili kitabu kimoja, na vikiisha ndiyo basi, hata ulie.

Aliyelifundisha ni Mwalimu Ishengoma, aliyetufundisha na sisi Kiingereza cha kawaida, Mhaya wa Bukoba, kwa hiyo Kiingereza chake mnaweza kukikadiria wenyewe. Alikuwa na suruali moja ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, na alipowasomea wakubwa wetu kwa sauti, mimi nilikuwa najifanya nafagia chini ya dirisha. Nilifagia pale mpaka udongo ukaisha. Nilitaka kuwa kama yeye. Nilitaka kusimama mbele ya watu, niseme Kiingereza kirefu, wanyamaze wote.

Sasa Zena. Baba yake alikuwa na duka la nguo Bariadi mjini, na binti alikuja shuleni na sanduku la bati jipya na kanga zinazonukia udi. Kitanda chake kilikuwa jirani na changu, kwa hiyo udi ule niliuvuta usiku kucha bila kupenda. Kiswahili chake kilikuwa laini, na Kisukuma alikijua kile cha dukani, cha kuwabembeleza wateja, akikisema na wapishi wetu wanamwongezea maharage. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Kiingereza chake, jamani, kilikuwa hovyo! Ya jana na ya kesho aliyachanganya chungu kimoja. Mimi niliandika bila kosa, daftari langu lilirudi safi bila hata alama ya wino mwekundu. Ila Zena akinyoosha mkono kujibu, Mwalimu Ishengoma alikuwa anavuta kiti anakaa. Kwangu hakuwahi kukaa. Wivu ulinishika, nawaambia, mpaka nikawa nahesabu mara alizokaa.

Mwishoni mwa mwaka Mwalimu alikuja kusoma majina ya watakaoingia Litricha. Yakasomwa, yakasomwa, mpaka ikabaki nafasi moja na wasichana wawili: mimi nimeongoza kwa kuandika, Zena ameongoza kwa kuzungumza, alama zimefungana. Mwalimu akakuna kichwa. Ndipo kiranja wetu Masanja, kijana wa Mwamanyili asiyejua kunyamaza, akasimama.

"Mwalimu, si washindane tu? Kama ngoma."

Darasa likalipuka kwa makofi. Mwalimu akacheka, akasema sawa, Jumamosi. Masikini, alidhani tutasimama kwa zamu, mmoja amalize, mwingine afuate, kama kwao. Hakujua kwamba Usukumani ngoma za mashindano hazichezwi kwa zamu. Kundi la Bagika wanachezea upande huu wa uwanja, la Bagalu upande ule, wote wakati mmoja, na watazamaji wako huru kukimbilia kule kunakonoga. Hakuna mwamuzi wa kutoa alama. Mwisho ukifika, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi, na aliyebaki na ngoma yake peke yake anajua mwenyewe pa kupita kurudi nyumbani.

Nilifurahi mno. Mjomba wangu alikuwa manju, kiongozi wa nyimbo, wa Bagika, jina lake lilivuka Nkololo, na mimi nilikulia katikati ya vumbi la mashindano hayo. Zena angejua nini? Mtoto wa mjini, wa kupimia watu vitambaa. Wiki nzima niliandaa hotuba yangu juu ya Elimu ya Kujitegemea, yenye maneno marefu niliyoyachimbua kwenye kamusi ya shule, nikaikariri mpaka nikawa naisema usingizini. Zena hakuandaa kitu. Alisuka nywele tu.

Jumamosi ilipofika, mimi nikapewa upande wa ghala la pamba, yeye upande wa jiko. Shule nzima ilijaa katikati. Masanja akapuliza filimbi, nikaanza, na mwanzo ulikuwa wangu. Wote walinijia! Walisimama kimya midomo wazi, maana Kiingereza cha namna ile hawakuwahi kukisikia kwa msichana mwenzao, na Mwalimu Ishengoma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashangaa kuona tunasema pamoja, alikunja mikono akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mayu wane, mama yangu wee, niliiona ile nafasi kama nimeishaikalia.

Kisha kicheko kimoja kikatoka upande wa jiko. Kikafuatwa na kingine. Wale wa nyuma kabisa wakageuza shingo, halafu wakajivuta taratibu kama watu wanaokwenda msalani, halafu wakaacha aibu wakakimbia. Nikapandisha sauti. Nikafika kwenye neno langu refu kuliko yote, na aliyekuwa ananisikiliza ni mpishi mmoja asiyejua Kiingereza, naye akatazama kule, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Pole, mwanangu," akaondoka.

Nikabaki naongea na ghala. Na kwa kuwa nilikuwa nimebaki peke yangu, nikaanza kusikia. Zena alikuwa anasimulia, kwa kile Kiingereza chake kibovu, habari ya mzee aliyeuza pamba akaja dukani kwao kununua kanga. Mzee ana wake wawili, fedha inatosha doti moja. Kwa hiyo anaomba kanga zikatwe, kila mke apate kipande chake, na wake wenyewe wako nje barazani, kila mmoja anajua doti nzima ni yake. Zena alikuwa mzee mwenyewe anayenong'ona, akawa baba yake anayefuta miwani, akawa mke mkubwa anayechungulia mlangoni. Alikosea kila kitu, na kila mtu alielewa kila kitu.

Mke mkubwa akaingia dukani. Akauliza, ile nyingine ya nani?

Sijui kilichotokea hapo. Ninachojua ni kwamba nilitaka kusikia. Wake walipokataa vipande vyote viwili, wakamfunga mzee yeye mwenyewe, kipande kimoja kiunoni na kingine kichwani, wakamtoa barazani sokoni kote kukishuhudia, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya umati, nimemshikilia bega msichana wa mbele yangu nisianguke kwa kucheka, machozi yananitoka. Filimbi ikalia. Masanja akageuka kutazama upande wa ghala, akatafuta, akatafuta tena, kisha akatangaza kwa ile sauti yake ya mnadani.

"Upande wa Minza, hakuna mtu. Hata Minza mwenyewe hayupo!"

Hapo walicheka kuliko walivyocheka habari ya mzee. Nami bado nilikuwa na mdomo wazi wa kicheko, sikuwahi kuufunga.

Kidato cha tatu nilikaa Kilimo. Shamba letu la pamba lilipakana na darasa la Litricha, na Mwalimu wa Kilimo alinipa bomba la kupulizia dawa, ukubwa wake karibu sawa na mgongo wangu. Wao ndani wanasoma kwa sauti, mmoja analia, mmoja anajifanya mfalme, mimi nje nafunga mdomo kwa kitambaa napuliza viwavi. Nilimchukia Zena kwa bidii. Jioni alikaa kitandani kwake akanisimulia walichosoma, bila kuombwa, na mimi nikageukia ukutani nikijifanya nimelala, lakini sikupitwa na neno. Akinyamaza katikati nilikuwa tayari kumpiga.

Kwa miaka mingi nilidhani nilionea wivu ile nafasi darasani. Lakini nafasi niliipata baadaye kwa njia nyingine: nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, nikasimama mbele ya watu, wakanyamaza wote kama nilivyotaka. Na walivyonyamaza haikunitosha hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima, na chaki mkononi, nilipotambua kwamba sikuwahi kuonea wivu kiti wala kitabu. Nilimwonea wivu Zena kwa lile jambo aliloifanyia miguu yangu. Na wivu wa namna hiyo hauna mtu wa kumlaumu. Hakuna aliyenidhulumu, hakuna aliyependelewa. Mimi mwenyewe nilivuka uwanja nikampa ushindi, kwa hiari yangu, nikicheka.

Zena aliolewa mbali, hatujaonana tangu hapo. Siku hizi wajukuu wangu wakija likizo wananidai ile ya mzee na kanga. Nawasimulia kwa Kiswahili, nanong'ona kama mzee, nachungulia kama mke mkubwa, nafanya kila alichofanya, na wanashika mbavu hasa, wanabingirika mkekani. Mdogo wao wa mwisho aliniambia juzi kwamba hakuna anayejua kusimulia kama bibi. Nikamwambia yuko mmoja. Akauliza nani, nami, mwanamke mzima mwenye mvi, nilichelewa kulitaja lile jina.