Baridi Iliyokula Vidole vya Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka milimani akiwa na vidole vinne tu vya miguu. Mguu wa kushoto haukuwa na hata kimoja. Wa kulia ulikuwa umebakiwa na vile vidogo, kidole gumba kimekwenda. Na mimi, badala ya kulia kama mke mwenye adabu, nilimwuliza, "Vingine umeviacha wapi?" utadhani alikuwa amesahau sufuria safarini. Ndivyo nilivyo. Nikishtuka, ulimi hutangulia.

Akanijibu, "Baridi imevikula."

Tulikuwa Kasongo, miaka ile ya pamba ya lazima, Mbelgiji akiwa bado na nguvu zake zote. Mume wangu alizaliwa pale pale mjini, katika ukoo wa Waislamu wa zamani. Mimi nilitoka Lusangi, upande wa Kabambare, kwa Wabangubangu, na wakati huo nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni. Kazi yake ilikuwa upishi. Alimpikia Mzungu mmoja mpima ardhi, na Mzungu huyo alipotumwa kwenda kupima milima ya Ruwenzori, mbali huko kaskazini mashariki, alimchukua mpishi wake kama alivyochukua kitanda chake. Walikawia hata majirani wakaanza kuniita mjane kwa utani.

Sasa, baridi. Sisi baridi tulikuwa tunaijua, au tulidhani. Kiangazi, alfajiri, ukungu ukipanda kutoka Lualaba, mtu hujifunika kitenge na kulalamika. Mvua ikikukuta njiani ukitoka shambani, meno hugongana. Na dawa yake haina siri: moto. Kwetu mtu akitoka mvuani hatumwulizi hata habari za alikotoka. Tunamwingiza jikoni, tunamsogezea miguu karibu na makaa mpaka ngozi itoe mvuke. Asiyemfanyia mgeni hivyo husemwa hadi uzeeni. Baridi ilikuwa kitu cha kufukuzwa kwa kuni mbili. Kwamba ina meno, hilo hata mtoto angelicheka.

Alinisimulia siku iliyofuata, mchana, nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. Alisema huko juu maji husimama. Yanaanguka kutoka kwenye mwamba, na kabla hayajafika chini yamekuwa jiwe, yananing'inia tu. Ardhi yote ni nyeupe, kama mtu amemwaga unga wa muhogo toka mlima hadi mlima, na ukiukanyaga unga huo unalia. Hakuna mdudu, hakuna ndege, na kimya chenyewe kinakufanya usikie moyo wako ukipiga. Mikono yangu ilisimama juu ya majani. Nilimwamini, kisha sikumwamini, kisha nikamwomba anieleze tena habari ya maji yanayosimama. Mume wangu hakuwa mwongo, lakini wapishi wa Wazungu walikuwa na sifa zao.

"Miguu ilianza kuuma," akasema. "Ikauma mpaka nikalia. Halafu ikaacha. Haikuuma tena hata kidogo. Nikamushukuru Mungu, nikasema, miguu imepona."

Alipofika hemani alifanya kile ambacho mama yake angemfanyia. Akachochea moto, akavua viatu, akaisogeza miguu hadi kwenye makaa. Hakusikia kitu, si moto wala maumivu. Baada ya muda akanusa nyama ya kuchoma. Alikuwa na njaa, mate yakamjaa mdomoni, akageuka kuuliza ni nani aliyepata nyama.

Hakumalizia. Niliweka sombe chini, na siku hiyo hatukula.

Mzungu wake alipotokea alipiga kelele na kumvuta kutoka motoni. Kumbe miguu iliyoganda haipewi moto, wala haisuguliwi. Hutiwa katika maji ya vuguvugu, polepole, kama unavyomwamsha mtoto mwenye homa. Lakini nani alikuwa amemwambia kabla? Kwa Mzungu lilikuwa jambo la kujulikana tu, kama kwetu kutokukanyaga njia ya siafu. Vidole vikawa vyeusi, vikakauka kama samaki wa moshi, na hospitalini chini ya mlima wakavikata.

Mtaani kwetu jambo hilo lilikuwa na jina moja tu: ukoma. Nani hajui kwamba ukoma hula vidole? Na serikali ya siku zile ilikuwa ikiwakusanya wenye ukoma katika kambi yao, mbali na watu, na aliyeingia huko hakurudi upesi, kama alirudi. Jirani yangu aliyezoea kuja kila asubuhi kuomba kaa la kuwashia moto wake, akaanza kulifuata nyumba ya tatu. Mama muuza samaki aliniwekea samaki chini niokote mwenyewe, asije akagusa mkono wangu. Niliokota, nikamtukana, nikarudi nyumbani nikalia.

Muuguzi wa zahanati, infirmye tulivyomwita, alimfumba macho mume wangu akamgusa miguu kwa unyoya, kisha kwa sindano. Juu ya kifundo alisikia. Mwisho wa mguu, pale palipokatwa, hakusikia chochote. Muuguzi akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya.

"Ukoma iko vile," akasema. "Mutu hasikii. Lakini mimi si munganga mukubwa. Yeye atakuja kuangalia. Mungoje."

Habari ilifika Lusangi kabla ya mganga mkubwa, daktari wa Kizungu, kufika Kasongo. Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye aliyenioza, kwa hiyo ndiye aliyekuja. Alishuka kwenye lori la pamba, akakataa kuingia ndani, akaketi uani kwenye kiti alichojichagulia mwenyewe, mbali.

"Mukwe," akamwambia mume wangu, "sina vita nawe. Lakini mutoto wa dada yangu nitamurudisha Lusangi, pamoja na mujukuu wangu. Siku utapona, utakuja kuwachukua."

"Sina ugonjwa, Mujomba. Ni baridi."

"Baridi!" Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Mimi nimelala porini na mvua, nikichimba zahabu ya Wazungu. Nilipoteza kidole gani? Kitu kikiwa cheusi, kimeungua. Na kuunguza iko kazi ya moto."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mume wangu alikuwa amefunga miguu yake kwa kitambaa na aliivuta chini ya kiti, na mimi niliona aibu kwa niaba ya watu wote waliokuwa wakitazama kutoka barabarani.

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Kama ulikuwa ukoma, mtoto wangu alikuwa akilala kifuani pa mgonjwa. Kama haukuwa ukoma nami nikapanda lori lile, basi ningekuwa nimemhukumu mbele ya Kasongo nzima. Ni nani angemtetea mtu ambaye hata mkewe amemkimbia? Kambi ingemchukua. Mjomba alitaka jibu kabla lori halijaondoka kesho yake.

Karibu na soko palikuwa na duka la Mgiriki mmoja, na mume wangu alikuwa ameniambia kwamba Mgiriki huyo ana frigo inayogeuza maji kuwa jiwe, kama kule mlimani, ila kidogo kidogo. Nikamwambia mjomba, "Kabla sijafunga mizigo, twende tukaione hiyo baridi." Alikubali. Alijifanya ananifurahisha, lakini mimi namjua. Hakuwa tayari kurudi Lusangi bila kuona kitu cha kusimulia.

Nilinunua chumvi ili tusionekane wazururaji. Chumvi ya mawe, na nilikuwa bado nina konzi yake mkononi Mgiriki alipotufungulia frigo yake. Lilikuwa kabati jeupe, limetulia, likitoa pumzi. Kisha akatuinamisha tutazame chini yake. Chini kulikuwa na taa ndogo ya mafuta ya taa, inawaka. Mjomba aliinama mpaka kofia ikamwanguka.

"Moto chini, baridi juu?"

"Ndiyo, mzee."

"Moto ndio unazaa baridi?"

Mgiriki akasema ndiyo tena, akicheka. Mjomba hakucheka. Nilikuwa nimepika tangu utotoni, nimeishi na moto kila siku ya maisha yangu, na sikuwahi kudhani kwamba ulikuwa na mtoto wa namna hii. Nilitamani kupiga magoti, na kama si watu waliokuwa dukani ningepiga.

Mgiriki alimpa mjomba kipande cha lile jiwe la maji. Mjomba alikishika kwa muda wa kusema bismillahi, kisha akakitupa. "Imenichoma!" akapiga kelele. Halafu akanitazama haraka, maana alikuwa amelisikia neno lililomtoka. Nikaokota kile kipande nikakifumba mkononi, pamoja na chumvi yangu. Baadaye sana niliambiwa kwamba chumvi huiongezea barafu ukali. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba nataka kwenda alikokwenda mume wangu, hata kama ni kwa kiganja kimoja.

Kiliuma. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, machozi yakanitoka, mjomba akaniambia niache, nikakaza ngumi. Kisha maumivu yakaisha.

Yaliisha kabisa. Pakawa na utulivu, karibu joto, na ningeweza kusimama pale hadi jioni nikiwa na furaha. Hapo ndipo nilipomwamini mume wangu. Mtu anayetunga uongo angesema maumivu yalizidi na kuzidi. Ni nani angetunga kwamba mauti huja kwa upole, na kwamba mtu humshukuru Mungu kwa hilo? Mume wangu alikuwa amefika mahali hapo kweli, nami nilikuwa nimesimama mlangoni pake.

Mgiriki alinikamata mkono akaufungua kwa nguvu, akinigombeza kwa lugha yake. Kiganja kilikuwa cheupe na kigumu kama mshumaa. Nilikibonyeza kwa ukucha, na hakikuwa changu. Damu ilipoanza kurudi, nililia pale pale dukani bila haya, na asubuhi yake ngozi ilikuwa imevimba na kujaa maji, kama mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya mawese yanayochemka. Nikakiweka kiganja mbele ya macho ya mjomba.

"Mujomba, nionyeshe moto ulionichoma."

Alikitazama. Alikinusa hata. "Mungu iko mukubwa," akasema, kwa sauti ya chini, na sijawahi kumsikia mjomba akisema jambo kwa sauti ya chini kabla ya hapo. Lori liliondoka bila sisi. Yeye alivua viatu, akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akaketi mkekani kando ya mume wangu, bega kwa bega, kama mtu anavyoketi kumsikiliza msafiri.

"Mukwe. Huko ulikuwa na nani?"

Mimi sikuwa nimemwuliza swali hilo. Nilikuwa nikihesabu vidole.

Mume wangu alikuwa na mwenzake mmoja, mpagazi, mtu wa chini ya ile milima. Walikula chungu kimoja miezi yote. Siku ile upepo mweupe uliwakuta wawili hao nyuma ya wengine, wamebeba vyombo vya jikoni. Yule mwenzake alitetemeka hadi akashindwa kusema. Kisha akaacha kutetemeka. Akacheka.

"Akavua koti," mume wangu akasema. "Akanipa. Akasema, vaa, mimi ninasikia joto. Na mimi nilifurahi, Mujomba. Niliona amepona. Nikalivaa juu ya yangu. Akakaa chini, apumuzike kidogo. Nilipomuita, hakuitika."

"Na lile koti?"

"Ndilo lilinifikisha."

Mtoto alikuwa akichezea kitambaa cha miguu ya baba yake, na hakuna aliyemwondoa.

"Matanga yake mulikaa?" mjomba akauliza.

"Tulimufunika mawe. Kesho yake tukashuka."

"Alikuwa dini gani?"

"Sikumuuliza."

"Hata baridi haikumuuliza," mjomba akasema, akasimama. Akaniamuru nitoe mikeka yote nje. Akawasha moto katikati ya uwanja. Kisha akanigeukia mimi. "Lia."

Nikafungua kilemba nikapiga yowe. Kwetu kilio hakipitwi. Akikisikia mtu, adui awe au rafiki, huweka chini alichoshika na kuja. Nani amekufa, huulizwa baadaye. Jirani yangu wa makaa alitokea akiwa na unga mikononi. Wanaume walitoka msikitini. Walidhani ni mume wangu, wakamkuta ameketi, na walikuwa wameshaingia uani. Aliyeingia matangani harudi nyuma. Wakaketi mikekani, wakibanana naye. Mganga mkubwa alikuja majuma mengi baadaye, akatazama mara moja, akasema ni baridi, kwao anaijua. Tulimshukuru kwa kuku. Lakini kufikia hapo nyumba yetu ilikuwa imekwisha kujaa watu.

Mama muuza samaki ndiye aliyefika mwisho, anahema. Alijipenyeza, akakaa miguuni pa mume wangu kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, akauliza, "Basi tunamulilia nani?"

Mume wangu akalitaja jina. Lilikuwa jina la lugha ya mbali, na akina mama walilijaribu mdomoni mara moja, mara mbili, mpaka likakubali. Wakamlilia kwa jina lake mtu yule wa milimani, kama aliyezaliwa mtaani kwetu, na mume wangu, ambaye hakuwa amelia tangu arudi, akalia pamoja nao.